Angalia kwanza miguu ya jiko lako

Juzi nimepokea ujumbe wa msomaji kutoka Tanga. "Kaka, jiko langu la kauri nimelisafisha lote, nimelirudishia kila kitu, sasa moto haupandi. Mkaa unafukuta tu. Nimebadilisha mkaa, nimenunua gunia jipya, hali ni ile ile. Nifanyeje?"

Jiko lake ni kama langu, lile la umbo la yai lenye kifuniko. Nilimwomba picha mbili: atoe wavu na mkaa wote, anipigie picha ndani, kisha anipigie na ya stendi. Picha ya ndani ilipofika nikaona tatizo papo hapo. Kile chungu cha moto, yaani chombo cha ndani kinachobeba mkaa, kina uwazi chini upande mmoja. Uwazi huo lazima uelekee kidirisha cha hewa kilicho chini ya jiko. Yeye alipokirudishia alikigeuza, uwazi ukaangalia nyuma, ukutani. Hewa inaingia mlangoni, haina pa kupita. Amekigeuza, na baada ya dakika ishirini akaniandikia kwamba geji ya joto imepita nyuzi 200. Gunia lake la zamani halikuwa na kosa lolote.

Nimefurahi sana, sitaficha. Jumamosi iliyopita pia nilichoma kwenye sendofu hapa Kigamboni, miguu miwili ya mbuzi iliyokaa motoni tangu alfajiri, kisha changu na kolekole kwa awamu hadi saa tatu usiku, na mkaa niliowasha asubuhi niliuongeza mara moja tu. Mama wa binti alikuja mwenyewe jikoni kunishika mkono. Kwa hiyo leo naandika nikiwa na nguvu. Lakini nikiyasoma maswali mnayoniletea naona wengi mnapita njia ile ile iliyonigharimu mimi, na yale yaliyonipata bado yananiuma.

Jiko langu nililinunua Masaki miaka minne iliyopita, kwa familia ya wageni waliokuwa wanahama. Ni yale ya umbo la yai, kauri nene, kifuniko kizito chenye bawaba nyuma. Asili yake ni Japani. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa huko baada ya Vita Kuu ya Pili waliyapenda wakayapeleka kwao, na mwaka 1974 Ed Fisher akaanza kuyauza Atlanta kwa jina la Big Green Egg. Langu lina uzito wa zaidi ya kilo sabini. Tulilipandisha watu wanne kwenye kirikuu, tukalizungushia magodoro, na kwenye pantoni nilisimama nimelikumbatia hadi ng'ambo.

Halikuwa na stendi. Kwa wale wageni lilikuwa limejengewa kwenye meza ya matofali. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia anitengenezee kitu kama stendi ya tanki dogo la maji, na niliomba bei ya chini. Akanipa paipu nyembamba, miguu minne iliyonyooka bila vyuma vya kuikaza, magurudumu madogo ya viti vya ofisini, na juu vyuma viwili vilivyolala sambamba. Jiko likakaa juu ya vyuma viwili. Nilipaka rangi ya silva nikapiga picha, nikaweka mtandaoni.

Miezi mitano mambo yalikwenda. Upepo wa bahari ulikuwa unafanya kazi yake kwenye maungio, nami sikuinama kutazama hata siku moja. Nilikuwa natazama geji tu.

Siku ya kipaimara kimoja, wageni kama sitini, moto nimeshauwasha, mwenye nyumba akasema moshi unaingia kwenye turubai la wageni, nisogee kidogo. Hatua sita tu. Nikalishika jiko kwenye ubao wa pembeni nikalivuta. Gurudumu moja likaingia katikati ya tofali mbili za pevingi, likagoma. Mimi nikaendelea kuvuta. Mguu wa nyuma ukakunjika pale ulipochomelewa, polepole kabisa, na jiko likalala upande kama mtu anayesinzia. Mlio wake ulikuwa kama mtungi unaopasukia kisimani. Makaa yalimwagika kwenye pevingi hadi karibu na ndala za mtoto aliyekuwa anangoja mishkaki. Mungu alimlinda, hakuguswa. Chungu cha moto kilikatika vipande vitatu, na ukingo wa kifuniko ukameguka kipande cha ukubwa wa kiganja.

Nilimaliza kazi kwenye pipa la kukata la jirani. Mwenye shughuli alidai kianzio chake chote na nikamrudishia. Kilichobaki moyoni siyo hela. Alisema mbele ya wageni, kwa sauti, "Ungekuja na pipa tu kama wenzako." Miaka imepita na ile sauti naisikia kila nikilipakia jiko.

Sasa nisikilizeni. Kauri inavumilia moto kuliko kitu chochote ulicho nacho uani. Haivumilii kuegemea sehemu ndogo, wala kugongwa. Jiko likikalia vyuma viwili, uzito wote unabanwa kwenye mistari miwili, na likipata joto linatanuka huku limebanwa. Stendi inatakiwa iwe na pete ya chuma bapa iliyokunjwa kufuata tako la jiko, likae mzunguko mzima. Fundi wangu wa pili alipima tako kwa kamba kabla hajakata chuma, na hapo nikajua nimepata mtu. Alitumia chuma cha engo cha nchi mbili, miguu imepanuka chini kuliko juu, vyuma vya kukaza vimepita mshazari, na magurudumu makubwa, mawili yakiwa na breki. Nililipa karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Lipeni. Kama una hela ya jiko la kauri na huna ya stendi, bado huna hela ya jiko la kauri.

Likiwa na moto halisogezwi. Mwenye nyumba aseme atakavyosema, sogeza turubai. Likiwa limepoa, sukuma kwa kushika stendi yenyewe. Usivute kwa mpini wa kifuniko wala ubao wa pembeni. Kama unaliweka juu ya meza ya mbao, weka kwanza kigae kinene cha zege na nafasi ya hewa chini ya tako, maana cheche hutoka kwenye kile kidirisha.

Sisi wa pwani tuna chumvi. Kila mwezi mimi huosha stendi kwa maji baridi, nakausha, napitisha vidole kwenye kila maungio. Rangi ikivimba kama lengelenge, chini yake kuna kutu. Piga msasa, paka redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, mara mbili. Hapo hapo shika spana ukaze bolti za mkanda wa chuma unaobana kifuniko. Mkanda hulegea kwa joto, na kifuniko kikichomoka siku unakifungua, hakuna fundi wa kukurudishia. Mimi kabla ya kuwasha hushika kifuniko kwa mikono miwili nikakitikisa, hata kama jana nilikitikisa.

Kuhusu chungu cha moto kilichopasuka, usikitupe. Changu nimekipanga vipande vyake vitatu, nikakizungushia waya wa kufungia nondo, nikakirudisha ndani. Kuta za jiko zinakishikilia, na kinapika mpaka leo. Ule ukingo uliomeguka nimeuziba kwa gasketi nene. Na ile mistari myembamba kama utando wa buibui kwenye rangi ya nje ni ya kawaida, isikunyime usingizi. Ufa unaopitisha moshi ndio wa kuushughulikia.

Mkaa tumia wa miti migumu, na zile chenga za chini ya gunia zibaki kwenye gunia, kwa sababu zinaziba matundu. Majivu toa kila mara kabla ya kuwasha. Pumzi ya jiko iko chini, narudia, iko chini. Mafuta ya taa marufuku. Kauri ina vinyweleo, inayanywa, na samaki wako watanukia taa ya chemli wiki mbili. Tuna vifuu vya nazi bure kila uwanja, washeni kwa vifuu. Kifuniko kikiwa kimefungwa muda mrefu, kinyanyue kidogo kwanza, vidole viwili, lipumue, ndipo ufungue. Ukifungua ghafla hewa inaingia kwa mkupuo na moto unakurukia usoni.

Masika likikaa wiki tatu bila kuwashwa utakuta ukungu mweupe ndani. Usioshe kwa sabuni. Washa mpaka nyuzi 300, acha nusu saa, likipoa piga brashi. Geji yenyewe ijaribu kwenye maji yanayochemka. Dar inatakiwa isome 100, ukiwa Arusha au Nairobi karibu 95, kwa sababu ya mwinuko. Na hata mvua inyeshe vipi, jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba. Ile hewa yake inaua watu wamelala.

Vijana mnaoingia kwenye biashara hii, heshima ya mchomaji inaanzia kabla mgeni hajafika. Inama, piga goti kwenye mchanga, tazama miguu ya jiko lako. Mimi sikupiga goti, nikapigishwa na mwenye shughuli mbele ya watu sitini.

Ndugu yangu wa Tanga, nilikuomba picha mbili. Ya chungu cha moto nimeiona na tumemaliza. Ya stendi bado hujanitumia, na umesema Jumapili una wageni. Nitumie kabla hujawasha.