Jibu: Programu ya kurusha dau sekunde za mwisho eBay

Mkuu, unauliza kwa nini dau lako la dola 60 lilirushwa na programu kwa wakati na bado ukapitwa. Kuwahi hakushindi dau kubwa. eBay, soko la mnada mtandaoni, humpandishia kila mtu dau kidogokidogo hadi kikomo chake cha siri. Aliyeweka 71 tangu juzi anakupita, tena analipa 61 tu, maana kati ya dola 25 na 99.99 dau hupanda kwa dola 1. Mkilingana, anachukua aliyetangulia. Kwa hiyo weka kikomo chako halisi, chenye senti: 73.57, siyo 70.

Lirushe sekunde 6 kabla mnada haujafungwa. Sekunde 2 ni kamari. Tumia programu inayoendeshwa kwenye seva (kompyuta za mtandaoni) za wenye programu, siyo kwenye laptopu yako. Minada mingi ya Marekani hufungwa huku Dodoma ikiwa alfajiri, na laptopu yako umeme ukikatika, kwisha habari.