Muscat hadi Salalah kwa baiskeli mwezi wa Ramadhani: hiyo "saa kumi jioni" ifute

Mkuu, hiyo ratiba futa. Umeuliza mambo manne: upana wa matairi, laini ya simu, mahali pa kulala, na kama mwenzio asiyefunga atasumbuliwa. Mimi nimekwama kwenye ule mstari ulioupitisha juu juu: "mchana tunapumzika, saa kumi jua likipoa tunapanda tena hadi futari." Mstari huo niliwahi kuwa nao neno kwa neno, Machi 2024. Kovu liko kwenye kiwiko cha kushoto, ukitaka ushahidi.

Nilipewa na bwana mmoja wa kundi la WhatsApp, mtaalamu wa kutuma picha za machweo, aliyesema pwani ya Oman anaijua kama kiganja chake. Baadaye sana ndipo ikajulikana kwamba aliipita Januari, wala haikuwa Ramadhani, na alikuwa ndani ya gari lenye kiyoyozi. Baiskeli ilikuwepo, sikatai. Ilikuwa imefungwa juu ya paa. Mtu wa namna hii anakupangia saa za kupanda na kushuka, na wewe na akili zako unamwandikia "shukran sana ustadh". Niliandika hivyo, na kijimoyo chekundu juu.

Haya, sikiliza. Mwaka ule Oman ilianza kufunga tarehe 12 Machi. Nikiwa chungu cha tisa nilitoka Duqm, mji wa bandari katikati ya njia hiyo ya pwani, kuelekea kusini, njia ya Ras Madrakah na Lakbi. Mchana nililala ndani ya kalavati, maana kivuli kingine kule ni cha kibao cha barabarani na kinatosha mguu mmoja. Saa kumi na nusu nikapanda, nimejipa moyo kwamba kumepoa.

Kumepoa kweli. Tatizo si joto. Njia ile inaelekea kusini-magharibi, na siku zile za Machi jua linazama magharibi kabisa, kwa hiyo dereva anayekuja nyuma yako analo usoni. Wewe mbele yake ni doa tu. Halafu dereva mwenyewe hajaweka kitu tumboni tangu daku, barabara imenyooka kama uzi, na nyumbani mkeka umeshatandikwa. Kuanzia saa kumi na moja wanaruka, hawaendeshi. Wote watu wema, wote wana haraka ile ile. Na upepo wa bahari ulikuwa unanisukuma pembeni, nayumba kama mlevi ilhali nimefunga.

Pikapu ilinipitia karibu mno. Kioo chake cha pembeni kikagonga mfuko wa keria, nikaenda mchangani kichwa mbele. Sidhani hata alijua. Ringi ya nyuma ikapinda kama kaimati iliyokosewa, spoki sita zimekatika, na lita tisa za maji zimebaki mbili. Mchanga ulifuturu kabla yangu.

Nikajiambia, magari yalivyo mengi, atasimama mtu. Hapo ndipo kuna kitu ambacho yule ustadh wa machweo asingeweza kukijua: adhana ikishalia, barabara inakufa. Dakika tano kabla ya magharibi ni mashindano, dakika tano baadaye hapiti hata mbwa. Nilikula tende tatu zenye mchanga, nikakaa gizani na baiskeli iliyokunjika, nikisubiri taifa zima limalize kula. Aliyeniokoa, karibu saa mbili usiku, ni kijana wa Bangladesh aliyekuwa akiendesha boza la maji. La maji! Alinipa dengu na mkate, akacheka kuliko nilivyoona inafaa.

Ringi ikabidi iagizwe Muscat. Siku tano nimekaa Duqm nikihesabu feni. Chumba, ringi na usafiri vilinitoka riali 140 na ushei, zaidi ya dola 360, kwa ajili ya kilomita thelathini za "jua likipoa".

Kwa hiyo: alasiri ikiadhiniwa, uwe umeshashuka. Msimu ule ilikuwa kama saa kumi kasoro dakika ishirini. Usiseme namalizia kilomita kumi, usiseme nina taa ya nyuma. Nilikuwa nayo, inawaka hadi leo. Ondoka kukipambazuka, endesha asubuhi, na jioni ikukute kwenye kijiji chenye msikiti. Kule hufuturishwa yeyote aliyekaa, hakuna anayekuuliza umetoka wapi mpaka umeshiba. Vibanda vya chakula vinafunguliwa baada ya magharibi, basi usiku huo huo nunua cha kesho.

Kufunga au kutofunga safarini sitaki mjadala. Aya ya 185 ya Al-Baqara imempa msafiri ruhusa, mimi nikajifanya jabali. Mwenzio asinywe maji hadharani mchana, Sheria ya Adhabu ya Oman ya 2018 inalikataza na haichagui dini. Ajifiche anywe, yamekwisha.

Ratiba mpya iweke hapa hapa kabla hujakata tiketi. Nikiona mahali umeandika "jioni", nitakupigia simu mwenyewe.