Niliacha hata mtori, kumbe haikuwa aleji

Miaka minne nilikuwa najinyima chakula. Nilianza na mayai, zikafuata karanga, samaki na maziwa, mwisho hata mtori wa mama nikaukataa, kwa sababu kila aliyeona viwiko vyangu alisema neno moja: aleji. Kumbe ilikuwa soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaotoa magamba. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, karibu na soko la Memorial. Viwiko vyangu viko mezani kutwa nzima na magamba meupe yalikuwa yanadondokea kitambaa cha mteja. Nilivaa mikono mirefu hata Februari, na joto la Moshi mwezi huo mnalijua.

Kuna duka la dawa walinichoma "sindano ya aleji". Siku chache tu ngozi ikawa laini, nami nikawa narudi kila inapochafuka. Siku niliyokosa hela ya sindano, ugonjwa ulinivamia mgongoni, kichwani, mapajani. Ile sindano ilikuwa steroidi, dawa inayotuliza kinga ya mwili. Mwenye soriasisi akitumia steroidi ya sindano au vidonge halafu ikakatika ghafla, ugonjwa unaweza kulipuka, na wengine hutokwa vipele vya usaha mwili mzima hadi kulazwa. Ndugu yangu, ukiambiwa ni sindano ya aleji, uliza jina la dawa kabla hujakunja mkono wa shati.

Dada yangu ndiye aliyenipeleka kliniki ya ngozi katika hospitali ya KCMC, ambako tangu 1992 kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Daktari hakuanza na chakula. Alitazama kucha zangu, zina vishimo kama zimedungwa kwa sindano, akapapasa kichwa, akauliza kama viungo vinauma asubuhi. Soriasisi, akasema, na haiambukizi.

Alinieleza hivi. Kwenye aleji, kinga ya mwili inashambulia kitu cha nje kisicho na madhara, kama karanga au vumbi. Kwenye soriasisi, kinga inaichokoza ngozi yenyewe. Seli za ngozi ambazo kwa kawaida huchukua kama mwezi kupanda hadi juu, zinafika kwa siku chache na kurundikana. Ndiyo maana kuacha mayai hakukunisaidia kitu, na vidonge vya aleji vya setirizini vilipunguza muwasho kidogo tu, magamba yakabaki palepale.

Vipele vya aleji vinavyovimba ghafla havikai sehemu moja zaidi ya siku moja hivi. Soriasisi inakaa wiki, miezi. Na kwenye ngozi zetu nyeusi doa lake mara nyingi si jekundu. Ni la zambarau, kijivu au hudhurungi iliyokolea. Picha za ngozi nyeupe nilizokuwa naangalia kwenye simu zilinipoteza sana.

Lakini msifikiri aleji haihusiki kabisa. Mimi ninazo zote mbili. Kifungo cha chuma cha jinzi ya mtumba kilikuwa kinaniwasha chini ya kitovu, hereni za bei rahisi hivyo hivyo: hiyo ni aleji ya nikeli, ya kweli kabisa. Nilijikuna hadi nikachubuka, na baada ya wiki mbili hivi magamba yakaota palepale nilipojikuna. Ngozi yenye soriasisi ikijeruhiwa, hata kwa kucha, inaweza kuzaa doa jipya. Sasa kila jinzi yangu naishonea kitambaa nyuma ya kifungo, na kwenye meza ya cherehani nimeweka kimto cha kuegemeza viwiko.

Ukienda hospitali kwa jambo lingine, sema una soriasisi. Baadhi ya dawa za presha, na klorokwini pia, zinaweza kuichochea. Koo likiuma lisipuuzwe, maambukizi ya koo nayo huiamsha.

Mtori nimeurudia, mama anapika kila Jumapili. Mbege ndiyo nimeiacha, hata kwenye harusi. Si aleji, pombe inauchochea huu ugonjwa, na nikiinywa viwiko vinaniambia wiki ileile.