Setilaiti ya jeshi la Urusi iliyobaki angani

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mvuvi wa dagaa, Ujiji. Siku za giza tukiwa ziwani tunaona nyota zinazotembea polepole bila kupepesa, nyingi kutoka kaskazini kwenda kusini, na nyingine zinazimika ghafla katikati ya anga. Baba mdogo anasema ni setilaiti za jeshi la Mrusi, zilikosa mwenyewe nchi yao ilipovunjika. Ni kweli? Na zilikuwa na kazi gani?
Mvuvi, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuzimika kwake ndiko kunakoonyesha kuwa umeona setilaiti kweli, au roketi tupu iliyoachwa huko juu. Vitu hivyo havina taa. Vinang'aa kwa jua ambalo kwetu limeshazama, vikiingia kwenye kivuli cha dunia vinapotea. Cha nchi gani, kwa jicho tu hutajua.

Kuhusu kukosa mwenyewe, Umoja wa Kisovieti ulipovunjika Desemba 1991 setilaiti za jeshi zilibaki mikononi mwa Urusi. Kilichotawanyika ni vya huku chini. Kituo kikubwa cha kurushia, Baikonur, kilijikuta ndani ya Kazakhstan, na mwaka 1994 Urusi ilikubali kukilipia kodi ya dola milioni 115 kwa mwaka. Roketi ya Tsyklon-3, iliyokuwa ikipandisha setilaiti sita za mawasiliano za aina ya Strela-3 kwa safari moja, ilikuwa inaundwa Dnipropetrovsk, mji ambao sasa unaitwa Dnipro na uko Ukraine. Jeshi likawa linategemea kiwanda cha nchi nyingine ili makamanda wake wazungumze.

Sasa kazi yake. Nimefanya kazi ya mitambo ya simu na redio hapa Tabora mpaka nikastaafu, na katika setilaiti zote za jeshi hizi Strela ndizo ninazozipenda, kwa sababu ufundi wake ni wa akili nyingi na gharama ndogo. Setilaiti inayoruka chini haiwezi kuwaona kwa pamoja watu wawili walio mbalimbali. Kwa hiyo Strela ilifanya kama garimoshi letu la reli ya kati: inachukua mfuko wa barua Kigoma, inatembea nao, inaushusha Tabora. Ikipita juu ya mtumaji inapokea ujumbe wake wa redio na kuuhifadhi. Ikifika juu ya mpokeaji inauachia. Ujumbe unachelewa, lakini unafika popote duniani, na mtumaji hahitaji dishi kubwa.

Walikuwa nazo za aina nyingine pia. Raduga zilikaa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786, zikienda sawa na dunia inavyozunguka. Kwetu sisi mahali hapo pako juu utosini. Kwa askari aliye kaskazini kabisa mwa Urusi pako chini kwenye upeo wa macho, na karibu na ncha ya dunia hapaonekani kamwe. Ndiyo maana tangu 1965 walirusha Molniya, zenye njia ndefu ya yai inayopanda hadi kilomita 40,000 hivi juu ya kaskazini. Huko juu inakwenda taratibu, inakaa saa nyingi ikiwaangalia watu wake, kisha inashuka upesi upande wa kusini na kurudi tena, mzunguko mmoja kwa saa 12.

Nataka nikueleze moja kwa jina, maana inanikera hadi leo. Tarehe 16 Juni 1993 kutoka Plesetsk, kaskazini mwa Urusi yenyewe, ilirushwa Strela-2M ikapewa jina la Kosmos 2251. Jina hilo la Kosmos na namba walilibandika kwenye karibu kila chombo cha kijeshi, ili asiyehusika asijue ni cha nini. Ilikuwa na uzito wa kilo 900 hivi, kwenye kimo cha karibu kilomita 800, na njia yake ilivuka mara nyingi juu ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1995 ikaacha kufanya kazi. Haikuwa na injini ya kuishusha wala ya kuisogeza. Ikaachwa izunguke hivyo hivyo, dunia nzima kila dakika 100 na kidogo.

Tarehe 10 Februari 2009, kwa saa zetu saa mbili kasoro dakika nne usiku, ilikutana juu ya Siberia na Iridium 33, setilaiti ya simu ya kampuni ya Marekani. Iridium ilikuwa nzima na ingeweza kukwepa, ila hesabu zilizokuwapo zilionyesha kuwa zingepishana kwa zaidi ya mita 500. Zikagongana kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde. Vilipatikana vipande zaidi ya 2,000 vya kuonekana kwa rada, achilia mbali vidogo. Machi 2012 kipande cha hiyo hiyo Kosmos kilipita karibu na kituo cha kimataifa cha anga, na watu waliokuwa ndani wakalazimika kujifungia kwenye vyombo vya Soyuz, tayari kukimbia. Setilaiti iliyofanya kazi miaka miwili! Aliyeibuni alijua itakufa, na chombo kilicho kwenye kimo kile hakishuki chenyewe kwa upesi. Huo ni uzembe, na si wa Warusi peke yao. Marekani nayo imeacha mizoga yake huko juu.

Sheria ipo. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unaibana nchi iliyorusha chombo ilipe madhara yake. Setilaiti ya Kisovieti yenye tanuri la nyuklia, Kosmos 954, ilipoanguka Kanada Januari 1978, Moscow ililipa dola milioni tatu za Kanada. Lakini mkataba huo unatofautisha: kitu kikidhuru ardhini, nchi hulipa bila kuulizwa kosa, vikigongana angani, mdai lazima athibitishe kosa la mwenzake. Kwa maoni yangu tofauti hiyo ingefutwa.

SWALI: Mzee, hizo setilaiti za mawasiliano zilisikiliza pia simu zetu?
Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Hapana. Strela ilipokea ujumbe uliotumwa kwake na watu wake. Kunasa mawimbi ya wengine ilikuwa kazi ya setilaiti nyingine, Tselina-2, na hasa zilitafuta rada. Simu ya waya inayopita kwenye nguzo haitoi mawimbi ya kufika huko juu. Aliyetaka kuisikiliza ilimbidi aje aiunganishie waya wake hapa hapa chini.