Siku nne Unguja, na bibi anayeumwa magoti

SWALI: Shikamoo mama. Mwezi wa Juni tunakuja Unguja kutoka Morogoro: mimi, mume wangu, watoto watatu (miaka 6, 9 na 13) na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua. Tuna siku nne kamili, bila kuhesabu za safari. Mume wangu anataka tufikie Nungwi, mjini tupite siku moja tu. Mimi nataka watoto waijue historia, ila naogopa kuwapeleka kwenye soko la watumwa, hasa mdogo. Tupangie.
Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Lalani mjini. Nungwi ni pazuri na simlaumu baba watoto, lakini ipo ncha ya kaskazini kabisa, na mkifikia huko Mji Mkongwe mtauona saa sita mchana, jua la utosi, watoto wameshachoshwa na gari. Mji huu una saa zake: asubuhi mapema na baada ya alasiri. Katikati watu wazima hupumzika na watoto hulala, na hilo mtaliweza tu kama chumba kipo karibu.

Kuhusu chumba, usilipe kabla ya kuuliza kama kipo cha chini. Nyumba zetu za zamani zina ngazi za kusimama wima, na mama mkwe akizipanda mara mbili kwa siku, safari yake imekwisha. Uliza pia gari linaishia wapi, maana vichochoroni haliingii.

Juni masika yameshapita na kuna kipupwe, hali ya hewa ya kutembea. Ila kusi linavuma, na boti kutoka Dar es Salaam huyumba. Pandeni ya asubuhi, watoto wale kidogo tu, mkae chini upande wa nyuma.

Siku ya kwanza ni ya Mkunazini, palipokuwa lile soko la watumwa. Wapeleke, mwanangu. Wa miaka 13 na wa 9 waingie kila mahali. Mdogo aingie kanisani na aione sanamu ya uani, watu watano wamesimama shimoni na minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Vile vyumba vya chini, vyenye dari fupi na giza, abaki nje na bibi yake. Kuinama kule hakumfai bibi pia. Lakini maneno yaanzie nyumbani, msisubiri kufika mlangoni. Waambie kwamba waliouzwa pale wengi walitoka bara, na kwamba misafara ilipita hapohapo Morogoro kuelekea Bagamoyo. Waambie kwamba mwaka 1873 Sultani Barghash alisaini mkataba wa kulifunga soko, na mwaka huohuo kanisa likaanza kujengwa juu ya kiwanja chake. Mtoto akishajua hayo hatishiki ovyo. Huuliza maswali, nawe umjibu kweli. Nimewaona watoto wa umri huo wakinyamaza pale kwa heshima kuliko watu wazima wenye simu mkononi.

Mkitoka hapo mpeni mdogo kazi ya kuitambua milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe. Wenye tao juu mara nyingi ni wa Kihindi, wenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni wa Kiarabu. Atawatembeza nyie. Beit al-Ajaib, jumba la maajabu la masultani, litazameni kutoka bustani ya Forodhani, ufukweni. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Jioni kuleni hapohapo Forodhani, ila ulizeni bei kabla sahani haijajaa.

Siku ya pili kodini gari mwende kusini. Katika msitu wa Jozani mtawaona kima punju, ambao hawapatikani porini nje ya Zanzibar, na ile njia ya mbao kwenye mikoko haina ngazi za kumtesa bibi. Kisha endeleeni hadi Kizimkazi Dimbani. Msikiti wake una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ukutani, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Watu wanasali humo mpaka leo, kwa hiyo mwombeni mwangalizi, vueni viatu, jisitirini. Kwangu mimi ukuta ule una uzito kuliko majumba yote ya mjini. Kuwafukuza pomboo kwa mashua, achaneni nako.

Siku ya tatu ni ya baba watoto. Elekeeni kaskazini: magofu ya Maruhubi, hamamu ya Kidichi, yaani bafu la kale ambalo Sultani Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, shamba la viungo, kisha Nungwi wakaogelee hadi jioni.

Ya nne isiwe na ratiba. Wenye nguvu waende kisiwa cha Changuu kuwaona kobe, ambao asili yao ni Shelisheli. Mara nyingi mashua hutia nanga ufukweni na mtu hushuka majini, basi bibi abaki soko la Darajani achague viungo vyake kwa nafasi, na mmoja wenu abaki naye.