Maumivu hayana mizani: dawa za baridi yabisi hupimwaje?

Swali: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana baridi yabisi na anameza diklofenaki. Nasikia wanaojiunga na majaribio ya dawa za aina hiyo huachishwa kwanza dawa zao. Si kuwatesa huko? Na maumivu yanapimwaje, ilhali anayeyasikia ni mgonjwa peke yake?

Jibu: Marahaba. Mateso kidogo yapo, sikatai. Lakini anayemeza diklofenaki kila siku ameshatulizwa. Ukimwongezea dawa mpya, hutajua nafuu imetoka wapi. Basi dawa ya maumivu husimamishwa siku kadhaa mpaka viungo viwake, ndipo wagonjwa hugawanywa kwa kura. Methotreksati, dawa inayozuia ugonjwa wenyewe, haiguswi. Mimi nina neno na utaratibu huu: ambaye hakuzidiwa baada ya kuacha huondolewa, kwa hiyo wanaobaki ni wale ambao dawa za jamii hiyo huwakubali tangu zamani. Matokeo yanapendeza kuliko hali halisi.

Kupima ni kazi ya kidole gumba. Mpimaji, asiyejua nani kapewa nini, hubonyeza viungo 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, magoti na vidole vya mikono. Hubonyeza mpaka ukucha wake mwenyewe uwe mweupe, ili nguvu iwe ile ile kwa kila mtu. Nyayo hazimo, ingawa wengi huanza kuchechemea mapema. Mgonjwa naye huweka alama ya maumivu kwenye mstari wa milimita 100, na damu hupimwa CRP au ESR, vipimo vinavyoonyesha ukali wa uvimbe mwilini.

Madhara ndiyo magumu kuyanasa. Mwaka 2000 rofekoksibu ililinganishwa na naprokseni, zote dawa za maumivu, kwa wagonjwa zaidi ya 8,000 wa baridi yabisi. Madhara yake ya tumbo yalikuwa kama nusu tu ya yale ya naprokseni, ila mshtuko wa moyo ukawa mwingi upande wake. Iliondolewa sokoni 2004. Jaribio la wiki sita kwa watu mia mbili lisingeliona hilo.

Kuhusu mama: diklofenaki hutuliza, haizuii mifupa ya viungo kuliwa. Kama ndiyo dawa yake pekee, mpeleke kwa daktari wa viungo mwulizie methotreksati. Asiache chochote kabla ya hapo, na kama ana presha au vidonda vya tumbo, mseme mapema.