Kona uliyookota pesa haisahauliki
Umeuliza kwa nini unaikumbuka barabara kona uliyookota pesa ukiwa mtoto, ila kona nyingine za siku ileile zimefutika. Tazama hipokampasi, sehemu ya ubongo iliyojificha ndani, karibu usawa wa masikio. Mwaka 1971 wanasayansi John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walieleza seli za panya ambazo kila moja huamka mnyama afikapo mahali pake maalumu. O'Keefe alipata Nobeli kwa kazi hiyo, 2014.

Seli hizo kwa pamoja ni kama ramani ya mahali, lakini ramani hiyo haigawi nafasi sawa kwa sawa. Panya akizoea kupata chakula mahali fulani, mara nyingi seli nyingi zaidi hukusanyika kupawakilisha pale. Tena mwaka 2018 Jeffrey Gauthier na David Tank wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walionyesha jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote: kipo kikundi kidogo cha seli kinachoifuata zawadi yenyewe. Ihamishe zawadi, nacho kinahama nayo, hata mandhari ikibadilika.

Halafu kuna marudio. Panya akisimama kula, hipokampasi huipitia upya njia aliyokuja nayo, upesi mno, kinyumenyume, kuanzia kwenye chakula hadi alikotoka. Zawadi ikiongezwa, marudio hayo nayo huongezeka. Dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na zawadi, husaidia kukaza miunganisho ya seli zilizokuwa kazini wakati huo, na huenda ndiyo maana hata njia ya kufika pale hubaki kichwani, si ile pesa peke yake.